Neno Bar na Daftari za Malachie

18 Septemba

Ninaanza kuandika hapa kwa sababu siamini kumbukumbu yangu, na siku hizi siamini watu pia. Mvua imerudi Butembo tangu Jumamosi. Kutoka Rughenda tunakokaa mpaka chuoni nimefika viatu vikiwa mkononi.

Leo Prof Mathe, anayeongoza mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, amekubali somo: neno bar, jinsi kila kitivo kinavyolitumia, na Kiswahili gani kitafaa kwa kila maana. Nimefurahi kupita kiasi. Nyumbani mjomba Kambere, mzee wa kanisa, hakufurahi hata kidogo.

"Miaka tano ya université juu ya neno moja?" aliuliza. "Na ile neno yenyewe ni ya kunywea pombe?"

Nitatetea tarehe 16 Desemba. Katika idara yetu tuko wawili tu, mimi na Malachie, na nafasi ya assistant ni moja. Mwenye alama ya juu atabaki kufundisha, mwingine atafute maisha. Malachie ni mtu wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Hapa amepanga chumba, na kila baada ya wiki mbili hushuka Beni kwa shangazi yake. Mémoire yake ni juu ya majina ya vyombo vya kakao. Ni mpole mno. Mtu mpole kiasi hicho ana kitu anachoficha.

21 Septemba

Fizikia. Mwalimu Mumbere alinieleza bar kama kipimo cha msukumo wa hewa. "Pembeni ya bahari hewa inakusukuma na bar moja, na kidogo juu. Hapa kwetu, na hii milima, hatufikake bar moja. Tuko mu zéro virgule huit." Yaani sifuri nukta nane.

Niliandika kadi ya kwanza kwa kalamu ya feutre, nyeusi, kwa sababu Prof Mathe anataka kadi zisomeke kwa mbali. Zitakaa katika boksi la viatu juu ya kabati, ofisini, ambako mimi na Malachie tunagawana meza moja.

24 Septemba

Hesabu. Bar ni mstari unaochorwa juu ya herufi kuonyesha wastani. Katika takwimu ni kile kiguzo cha mchoro kinachopanda na kushuka. Kadi mbili. Mvua mchana kutwa.

27 Septemba

Kadi zangu zimeguswa. Mimi naweka ya fizikia mbele, leo nimeikuta nyuma. Nilimwuliza Malachie.

"Njo mimi," alikiri bila haya. "Nilizisoma kidogo. Kazi yako ni muzuri." Kisha, akiwa anatazama dirishani: "Uko na copie ya zile kadi?"

"Juu ya nini?"

"Nauliza tu."

Hakuna mtu anayeuliza tu. Anayetaka kujua kama mali yako ina pacha, anahesabu jinsi ya kuichukua.

3 Oktoba

Maître Victoire ni wakili, na anafundisha sheria. Mara mbili amenifungia mlango, ana kazi nyingi, hapokei wanafunzi. Leo kabla sijajitambulisha alisema: "Weye njo wa neno bar? Ingia. Ile kijana wa Mutwanga alishakuya hapa juu ya ile neno."

Nilikaa chini. Alinieleza kwamba bar ni chama cha mawakili wanaoruhusiwa kusimama mahakamani, na pia ni ule ubao ambao shahidi anasimama mbele yake anapoapa. Aliongea vizuri, mimi nikasikia nusu tu. Malachie amefuata nini kwa Maître Victoire? Mawakili wanatumia vyombo gani vya kakao?

Sikumwuliza. Niliona aibu, na nilijua jibu.

6 Oktoba

Mvua. Hakuna umeme. Hakuna kitu.

9 Oktoba

Daktari wa mifugo alimfungua mbuzi mdomo na kunionyesha mahali pasipo na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Pale pia panaitwa bar. Falonne, katibu wa kitivo na rafiki yangu tangu sekondari, alinisindikiza akacheka mpaka mbuzi akashtuka.

Njiani nilimwambia habari za Malachie. Aliacha kucheka.

"Jichunge," alisema. "Batu ya kule banajua kunyamaza. Mutu anakunyamazia hivi, kesho unasikia kazi yako iko na jina yake."

14 Oktoba

Sosholojia. Bar ni mahali pa kunywa, lakini mwalimu wao anasema usiishie kwenye pombe: ni mahali ambapo watu wasiojuana wana ruhusa ya kuongea. Tulikwenda kuhakikisha, mimi na Falonne, saa tisa mchana, kwa Fanta mbili. Saa kumi na mbili nilipofika nyumbani mjomba alikuwa ameshajua. Wakati wa kuombea chakula aliniombea kwa jina, kwa kirefu, ugali ukapoa.

20 Oktoba

Jiografia: bar ni fungu la mchanga ambalo mto unalirundika mdomoni, pale unapoingia ziwani. Muziki: ni mstari wa wima unaokata wimbo vipande vipande ili wanakwaya waende pamoja. Mwalimu wa kwaya yetu anasema sopranos wa Butembo hawajawahi kuuona mstari huo.

Kadi sasa ni thelathini na nane. Malachie amekwenda Beni tena. Kila akienda, mfuko wake unatoka umejaa na unarudi mtupu. Nimeanza kuangalia.

26 Oktoba



Malachie alitoka kwenda kumtafuta Prof Mathe. Mfuko wake ulikuwa kwenye kiti, umefunguka, na ndani nikaona daftari la kijani. Najua kwamba kusoma cha mtu ni vibaya. Nilisoma. Kadi zangu zilikuwa humo, kwa mwandiko wake, neno kwa neno, kadi ya jiografia, ya muziki, ya sosholojia. Mpaka makosa yangu ameyanakili. Juu ya jalada ameandika: 3. Maana yake kuna la kwanza na la pili.

Niliponena moyoni kwamba nimekwisha, alirudi. Alinikuta nimekaa kwenye nafasi yangu, nikifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Aliniuliza kama nimekula.

27 Oktoba

Falonne amenisaidia kuandika barua kwa Conseil, baraza la kitivo. Nilieleza nilichoona kwenye mfuko. Alisoma, akatikisa kichwa.

"Haitoshe. Batasema ni mambo ya batoto ya shule. Andika kama ulimusikia anasema kazi ni yake."

"Sikumusikia."

"Lakini utamusikia siku ya kutetea, kisha itakuwa saa gani ya kulia?"

Niliandika kwamba tarehe 20 nilimsikia Malachie akimwambia mtu kwamba utafiti wa neno bar ni wake. Hakusema hivyo. Lakini angesema. Tarehe 20 hakuwepo hata Butembo, nimekumbuka baada ya kutuma. Hakuna aliyeuliza.

3 Novemba

Conseil. Watu saba kwenye meza ndefu, Malachie upande mmoja na mimi upande mwingine. Doyen, mkuu wa kitivo, alisoma barua yangu kwa sauti, kisha akasoma kanuni: anayenakili kazi ya mwenzake anaondolewa kwenye session ya kutetea, anayemshitaki mwenzake kwa uongo anaondolewa yeye. Akanigeukia.

"Mademoiselle, yote yenye uliandika ni kweli?"

"Ndiyo, Monsieur le Doyen."

Malachie alitoa daftari la kijani mwenyewe, akaliweka mezani. "Nilikopia, ndiyo. Nilikuwa namuchungia."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Hii ni ya tatu. Zingine mbili ziko wapi?"

"Beni."

Mmoja wa walimu alicheka, na mimi nilikaribia kucheka. Anamchungia mtu mali yake kwa kuipeleka mji mwingine.

"Na juu ya nini haukumuambia mwenyewe?" aliuliza Prof Mathe. Yeye hakucheka.

Malachie alimgeukia. "Haiambiwake," alisema.

 Jina lake limefutwa kwenye orodha ya Desemba. Daftari limefungiwa kabatini kwa Doyen. Kwenye mlango aliniangalia mara moja, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Nililala vizuri.

9 Novemba

Falonne ananiita Madame l'Assistante. Nimemkataza, lakini si kwa nguvu.

13 Novemba

Mvua. Kadi arobaini na moja. Wiki ijayo nitaanza kuchapa kwenye kompyuta ya kitivo, umeme ukikubali.

17 Novemba

Jana mchana upepo uling'oa mabati mawili ya ofisi yetu. Sikuwepo, nilikuwa nyumbani nafua. Leo nimekuta maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, na boksi langu la viatu limekuwa uji. Feutre haivumilii maji. Nilizibandua kadi moja moja nikazianika juu ya viti, na kila moja ilikuwa doa la bluu na nyeusi. Kwenye kadi ya sheria limebaki neno shahidi tu.

Nililia mbele ya fundi wa mabati. Sikuona haya.

18 Novemba

"Uko na copie?" aliuliza Prof Mathe.

"Hapana, Prof."

Alivua miwani. Hakuna muda wa kuanza upya, alisema. Utetezi ni baada ya wiki nne, na yeye anataka maandishi yote kufikia tarehe mosi. Ndipo akataja kitu ambacho mimi sikutaka kukitaja: kuna mtu ambaye ana nakala. Alikwenda kwa Doyen akarudi na daftari la kijani. Jiografia, muziki, sosholojia, vyote vimo, safi. Kadi ishirini na sita za mwanzo ziko katika lile la kwanza na la pili, huko Beni.

"Nenda umuombe," alisema.

Nimuombe? Nitakwenda kudai. Ni zangu.

20 Novemba

Kabla ya kushuka Beni nilipita kwa Maître Victoire, nione kama angenieleza tena. Alikubali. Nilipokuwa namaliza kuandika aliniuliza kama yule kijana wa Mutwanga hajambo.

Nilimwuliza hatimaye kile nilichopaswa kumwuliza tarehe 3 Oktoba: alikuja kutafuta nini?

"Kunisumbua," alisema. "Alikaa kwa mulango saa mbili. Alisema, Maître, kuko dada moja mu promotion yetu, darasa yetu, ulishamurudisha mara mbili, umupokee, kazi yake ni ya maana. Nilimuambia aende, utakuya weye mwenyewe."

Nimeandika alivyosema. Sijui nifanye nini na maneno haya. Huenda alitaka nimletee majibu ya wakili ili ayanakili, kwa sababu yeye asingepokelewa. Ndiyo. Huenda.

22 Novemba

Gari ya Beni ilikwama kwa matope mara mbili, nimefika saa saba, jua kali, joto la huko ambalo mimi sizoei. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Ningeanza na sheria, ningemaliza na polisi.

Shangazi yake Malachie anaitwa mama Débora, anakaa Boikene, nyumba ya mbao yenye uwanja mdogo ambako kakao imeanikwa chini ya hema. Ni mwanamke mfupi anayechechemea. Nilisema jina langu kwa sauti kavu.

"Jokébed wa Butembo?" alisema. "Karibu, mutoto wangu. Kumbe bitu byako njo unakuyia."

Hakuuliza lolote. Malachie hakuwepo, yuko Mutwanga kwenye shamba, alimwambia shangazi kwamba chuo kimetoa likizo. Mama Débora aliniweka kwenye kiti, akaingia chumbani, akavuta malle, sanduku kubwa la bati, kutoka chini ya kitanda mpaka sebuleni. Nilimsaidia kuinua. Ilikuwa imejaa bahasha, kila moja na jina juu yake kwa mwandiko ninaoujua. Kadi za ubatizo. Vyeti. Karatasi za mashamba. Jirani fulani, mwalimu fulani, mchungaji wa Mutwanga, watoto sita wa mtu mmoja.

"Hizi zote ni za nani?"

"Za batu." Alikuwa anatafuta, anaweka bahasha pembeni moja moja. "Siye tulikimbia vita mara tatu. Mara ya kwanza diplome ya Malachie ilibakia ndani ya nyumba, nyumba ikaungua. Alipoteza miaka mbili juu ya kutafuta ingine. Tangia pale, akiona karatasi ya mutu yenye iko moja tu, hawezi kulala. Anakopia, analeta huku. Na za huku, ziko zenye tunapeleka Butembo. Batu yetu yote banafanyaka vile."

"Na wenyewe banajua?"

Aliniangalia kama vile nimeuliza swali la mtoto.

"Hapana. Haiambiwake. Unaanza namna gani kumuambia mutu, nakuchungia karatasi siku nyumba yako itaungua? Ni kama unamutakia. Unachunga, unanyamaza. Ikipona, hakuna mwenye anajua. Ikiungua, unamuletea."

Bahasha yangu ilikuwa karibu na chini. Jokébed, Butembo. Apewe mwenyewe tu. Ndani, daftari mbili za kijani, na kwenye ukurasa wa kwanza wa lile la kwanza tarehe: 25 Septemba. Siku mbili kabla sijaona kwamba kadi zimeguswa. Mimi nilikuwa bado sijafikiri hata kumchukia.

Maneno yangu yote ya njiani yaliisha. Mama Débora alileta ugali na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Alisema Malachie ananisifu, kwamba nina akili na ulimi mkali. Aliuliza kama yeye pia atatetea Desemba, maana kwenye simu zake hazungumzi habari za shule tena, na ameona amekonda. Nilisema sijui. Huo ni uongo wa pili ninaouandika katika daftari hili, na wa pili ulinichoma kuliko wa kwanza, kwa sababu alikuwa ananiongezea sombe.

23 Novemba

Nimerudi. Nina daftari zote tatu. Nikichapa usiku na mchana nitawahi tarehe mosi. Nitatetea, nitapata alama, nafasi ni yangu, hakuna mshindani. Hakuna hata mtu mmoja anayejua kuhusu tarehe 20 isipokuwa Falonne na mimi.

Falonne anasema hivyo hivyo. "Uko na bitu byako. Nyamaza. Yeye atafanya session ya juillet, ni miezi tu."

Nilimwambia nafasi haitamngoja Julai.

"Njo maana nakuambia unyamaze."

Nimemwangalia leo kwa muda mrefu. Tarehe 27 Oktoba niliona ananipenda kuliko watu wote. Labda ananipenda kweli. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si mwake, na nimechoka kutafuta mwingine wa kushuku.

24 Novemba

Mvua. Nimechapa kurasa nane, nikazifuta.

25 Novemba

Nimekwenda kwa Doyen saa mbili asubuhi, kabla moyo haujageuka. Nilimwambia kwamba tarehe 20 Oktoba Malachie alikuwa Beni, kwamba sikusikia neno lolote kutoka kwake, kwamba sentensi ile niliitunga. Jina la Falonne sikulitaja. Nilieleza pia malle ya bati.

Alifunga faili lake. Kisha aliuliza kama ninaikumbuka kanuni aliyonisomea mbele ya watu saba.

"Ninaikumbuka, Monsieur le Doyen."

"Na bado unakuya?"

"Ndiyo."

Alichukua orodha ya Desemba, akakata jina langu kwa rula, akaandika la Malachie juu yake. Ilichukua muda mfupi sana; mimi sasa ni wa Julai. Nilipotoka, Prof Mathe alikuwa kwenye korido. Nadhani alisikia, maana alinishika bega akaendelea na njia yake.

Mjomba nilimwambia jioni mezani. Nilitegemea ombi refu. Alisema tu, "Kula, mutoto," akanisogezea sahani, na mimi ndipo nikalia.

2 Desemba

Malachie amerudi chuoni. Anakaa meza ileile. Ananisalimu, namsalimu. Chini ya bati jipya hakuvuji.

5 Desemba

Hakuna kitu.

16 Desemba

Ametetea leo. Ukumbi ulijaa watu wa Mutwanga waliofika kwa pick-up, na mama Débora mbele kabisa katika kitenge kipya. Mimi nilikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Aliongea juu ya visu, mabeseni na majani ya ndizi ya kufunikia kakao, taratibu, kwa ile sauti yake ambayo miezi mitatu nilidhani ni ya mtu anayeficha. Walimpa alama ya juu. Nafasi amepata. Nilipiga makofi, na nilipiga kwa kweli.

Nje mvua ilikuwa imeacha. Nilingoja mpaka watu wakamwachia nafasi, nikamwendea. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakabaki machache.

"Malachie, niliandika uongo juu yako. Unisamehe."

Alikuwa ameshika maua ya plastiki ya shangazi yake. Aliyahamishia mkono mwingine, lakini ule uliobaki mtupu hakunipa.

"Daftari zako ukimaliza kuchapa," alisema, "uzirudishe kwa shangazi. Juillet iko mbali."

"Nitarudisha. Lakini umesikia chenye nimesema?"

"Nimesikia."

Hakusema yamekwisha. Watu wake walikuwa wanamwita kwenye pick-up, akaenda.